Mlango wa Chini

Msafiri Lukwele alikufa kwa mara ya mia nane na kumi na mbili saa nne asubuhi, Leokadia Mkude akiwa anamenya kiazi kitamu mezani kwake. Kompyuta ililia mlio wake mdogo. Leokadia akafuta vidole, akasoma: mwaka wa sita, mwezi wa tatu, zamu ya mchana, chumba cha chini ya tanuri, mvuke.

Nje ya dirisha, Msafiri mwenyewe alikuwa anavuka uwanja wa kiwanda, kofia ngumu kwapani, akimtania mlinzi wa getini. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alimwona Leokadia dirishani, akainua mkono.

Leokadia naye akainua wake. Kiazi kilibaki hivyo hivyo.

Kiwanda cha Vioo cha Lukobe kilitengeneza chupa za dawa kwa hospitali za nusu ya nchi. Tanuri lake la kwanza lilikuwa limezeeka, na mpango ulikuwa kulijenga upya na kuweka laini mpya, ya kasi zaidi. Lakini tangu sheria ipite, hakuna mtambo uliofungwa hata nati moja kabla ya kuendeshwa kwanza ndani ya kompyuta, miaka kumi, mara elfu moja, na Baraza la serikali kutoa kibali. Kiwanda hicho cha ndani ya kompyuta watu walikiita Pacha. Kila mashine iliingizwa humo pamoja na tabia zake: inaharibika kila baada ya saa ngapi, inatengenezwa kwa muda gani, inapokwama inazuia mashine ipi nyuma yake. Watu nao waliingizwa. Mwaka mzima wafanyakazi mia sita walivaa bangili zilizorekodi mwendo wao, mapigo ya moyo wao, sauti zao, nani huchoka saa ngapi, nani hukimbia kengele ikilia na nani hugeuka kwanza kuangalia wenzake wamefanya nini. Pacha ilijifunza hayo yote, kisha ikarusha kete zake mara elfu.

Leokadia ndiye aliyekuwa mpangaji wa mitambo. Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kutafuta panapobana. Akiona chupa zinarundikana kabla ya handaki la kupozea, anasogeza mashine, anaendesha tena, anatazama rundo likihamia kwingine, na yeye analifuata huko. Alikuwa hodari. Mpango huu mpya ulitoa chupa milioni moja na laki mbili kwa wiki, na hakuna palipobana isipokuwa mahali pamoja.

Chini ya tanuri palikuwa na chumba kirefu cha zege. Kioo kilichoyeyuka ambacho hakikufaa, mafundi walikiita uji, kilishuka humo kwa bomba hadi kwenye hori la maji. Kwa kasi mpya bomba lingeziba mara nyingi zaidi, na likiziba watu watatu wa zamu hushuka na mitaimbo kulizibua. Katika Pacha, siku moja, bomba lilipasuka juu yao. Uji ukamwagika kwenye maji yote kwa pamoja. Chumba kikajaa mvuke, taa zikazimika, na wale watatu wakapotea hatua kumi na mbili tu kutoka mlangoni.

Ndipo Msafiri anapoingia. Yeye ndiye msimamizi wa zamu, yuko juu ya ngazi, anasikia kelele, anashuka. Anakijua chumba kile kama mtu anavyojua jiko la mama yake. Anamshika wa kwanza, anamsukuma nje. Wa pili. Wa tatu. Yeye hatoki.

Katika mara elfu, mara mia nane na kumi na mbili.

*

"Umejaribu kumtoa kwenye zamu?" aliuliza Mama Mmari.

Eliakunda Mmari alikuwa meneja mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyepanda cheo kutoka chumba cha kufungasha. Alikuwa amefunga mlango wa ofisi na kuweka bangili yake kwenye droo, na Leokadia naye akaiweka yake humo.

"Nimemtoa. Wanakufa watatu."

"Weka msimamizi mwingine."

"Nimeweka wote saba. Watano hawashuki. Wawili wanashuka, wanapotea humo humo, wanakufa wanne."

"Wafundishwe."

"Nimewapa mafunzo ya miezi sita ndani ya Pacha, mama. Wanashuka haraka zaidi. Wanakufa wanne vile vile. Yeye amefanya kazi mle miaka ishirini na nane, sijui namna ya kumfundisha mtu hiyo."

"Mlango wa pili?"

"Ukuta ule ndio umebeba tanuri."

Mama Mmari hakuuliza kuhusu kupunguza kasi. Wote wawili walijua kwamba chini ya milioni moja kwa wiki hospitali zingenunua chupa nje, na tanuri la kioo haliwashwi nusu.

"Kipimo cha Baraza kinasemaje?" aliuliza, ingawa alikijua.

"Kifo kimoja kwa miaka kumi kinapita."

"Basi mpango umepita."

"Mama, tuna jina lake."

"Najua tuna jina lake. Zamani tulikuwa hatuna majina, watu walikufa tu, tukasema kazi ya Mungu." Alijifuta uso kwa leso. "Kiwanda cha nguo kilipofungwa nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu alikuwa fundi pale. Hakuna aliyeendesha mara elfu kuhesabu waliokufa mitaani kwetu baada ya hapo. Wewe unataka nifanye nini, Leokadia? Niambie, nitafanya."

Leokadia alitazama droo yenye bangili zao.

"Na usije ukamwambia," Mama Mmari akasema. "Unaijua sheria."

Aliijua. Jina la anayeonekana kufa kwenye Pacha halimfikii yeye wala jamaa zake. Mtu akijua hubadilika, na akibadilika hesabu yote huwa uongo. Ikigundulika ameambiwa, kibali kinafutwa, kiwanda kinafungwa, na aliyesema anafungwa miaka saba.

Leokadia alitia sahihi mpango siku ya Ijumaa.

*

Laini mpya iliwashwa mwezi wa Agosti. Kwa wiki tatu Leokadia alimwona Msafiri kila siku, na kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana yake. Leokadia alipokuwa mwanafunzi wa mazoezi, Msafiri ndiye aliyempa kipande cha kioo cha buluu achungulie tanuri, akamwambia asitazame mwali, atazame uso wa uji, ukiwa rangi ya maganda ya chungwa bado, ukiwa rangi ya maziwa ya kwanza ya ng'ombe tayari. Wahandisi wengine walicheka. Vipimo vilipokuja vikaonyesha hakukosea hata siku moja.

Jumamosi ya nne alimfuata nyumbani kwake, Mazimbu. Mke wake, Bi Zaituni, alikuwa ameenda kupika kwenye shughuli ya jirani. Msafiri alikuwa uani anatengeneza banda la kuku.

"Karibu, injinia. Leo umepotea njia?"

"Starehe, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo, kigoda hicho kizima."

Leokadia alivua bangili, akaifunga ndani ya kitambaa, akaiweka mbali, juu ya kuni. Msafiri aliona. Akaweka nyundo chini, akavua yake, akaipeleka pale pale. Halafu akarudi kukaa, akasubiri.

Alimweleza yote. Hakuruka kitu. Alipomaliza, Msafiri alikuwa ameshika msumari mmoja mdomoni, akautoa, akautazama.

"Mara ngapi?"

"Mia nane na kumi na mbili."

"Na hizo nyingine?"

"Bomba halikupasuka. Au ulikuwa likizo."

"Nikiwa likizo?"

"Wanakufa wao."

"Kina nani?"

"Inategemea zamu, kaka. Mara huyu, mara yule."

Kuku alipita katikati yao. Msafiri alimfukuza kwa mguu, taratibu.

"Na mimi ninashuka kila mara? Hakuna hata mara moja nimesimama nikawaacha?"

"Hakuna."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyesifiwa mbele za watu, akaona haya. Kisha kicheko kikaisha na uso wake ukabadilika mbele ya macho ya Leokadia. Alionekana kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili.

"Sasa umeniambia ili nifanye nini?"

"Uondoke. Uombe kustaafu mapema. Uhamie stoo. Chochote."

"Halafu wafe watatu."

"Kaka, mimi sijui. Nilishindwa kukuona kila siku nikijua peke yangu."

"Ehe," alisema Msafiri. "Hapo umesema kweli."

Hakumlaumu zaidi ya hapo. Alimtengenezea chai kwa mikono yake, akamtolea na karanga, wakazungumza habari za mvua. Alipokuwa anamsindikiza alimwomba jambo moja tu, kwamba Zaituni asijue.

Hakuhama. Jumatatu alikuwa zamu, na Jumanne. Lakini Leokadia, aliyekuwa na kazi ya kusoma takwimu za bangili, aliona kilichokuwa kinatokea. Bomba lilipoziba, mapigo ya moyo ya Msafiri yalipanda hata kabla wale watatu hawajachukua mitaimbo. Alianza kusimama ngazi ya tatu kutoka chini badala ya ya kwanza. Mwezi wa Novemba alisimama nje kabisa ya mlango. Zamani alikuwa anawapigia hadithi kutoka juu wakifanya kazi, sauti yake ikijaza chumba. Sasa bangili haikurekodi sauti yoyote. Leokadia alitazama mistari ile na kuelewa kwamba kile alichompelekea siku ile, akidhani ni nafasi ya kuishi, Msafiri alikuwa anakufa kwacho kila siku mara tatu au nne.

*

Bomba lilipasuka tarehe tisa Februari, saa nane na dakika ishirini mchana. Pacha ilikuwa imesema mwaka wa sita. Ulikuwa mwezi wa saba tu tangu laini iwashwe.

Waliokuwa chini ni Fidelis Kobelo, Yahya Kinguti, na binti mmoja, Sijaona Mloka, aliyehamia tanurini kutoka kwenye ukaguzi wa chupa miezi miwili nyuma kwa sababu alitaka kazi ya ufundi. Leokadia alikuwa ofisini. Alisikia mshindo, kisha mvumo, kama sufuria kubwa inayochemka na kumwagika motoni. Alikimbia.

Alipofika, mvuke ulikuwa unatoka mlangoni mweupe na mzito, na mbele yake alisimama Msafiri. Mkono wake mmoja ulishika chuma cha ngazi. Kutoka ndani sauti ya mwanamke iliita, "Mzee Lukwele! Mzee!" Haikusema tushike wala tusaidie. Iliita jina tu, kwa kujua kwamba mwenye jina anakuja.

Msafiri hakusogea. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Halafu akaingia. Akashuka mbio, akapotea, na Leokadia akapiga kelele ambayo hakuisikia mwenyewe. Msafiri alirudi akimburuta Sijaona kwa kwapa, akageuka kuingia tena, na safari hii joto lilimrudisha. Alijaribu mara ya tatu. Vijana wa zimamoto walimkamata, wakamlaza chini, mmoja akamkalia miguu.

Sijaona alifariki njiani kwenda hospitali. Wenzake wawili walitolewa jioni, maiti.

Bangili ya Msafiri ilionyesha kwamba alisimama mlangoni sekunde kumi na tisa.

Leokadia alimtembelea wodini siku ya pili. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji hadi viwikoni. Bi Zaituni alikuwa anamlisha uji wa ulezi kwa kijiko, akisema kila mara, "Mshukuru Mungu, baba, mshukuru Mungu." Alipotoka kwenda kuosha bakuli, Msafiri alimgeukia Leokadia.

"Ungeniacha nisijue," alisema.

Ndilo neno pekee alilomwambia siku ile.

*

Baraza lilileta kikao kwenye bwalo la chakula la kiwanda, kwa kuwa ndipo palipoenea watu wote. Ndugu wa marehemu walikaa mbele. Bi Mwamvua, mama yake Sijaona, alikuwa amevaa kaniki, mikono juu ya magoti. Nyuma walisimama wafanyakazi, mia tano na zaidi. Mama Mmari alikaa pembeni, na Leokadia kando yake.

Mwenyekiti, Bwana Ntandu, alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye miwani. Alieleza kwa Kiswahili chepesi kwamba walichukua takwimu zote za siku ile wakaziingiza tena kwenye Pacha. Bomba lile lile, mvuke ule ule, watu wale wale. Jambo moja tu walilibadilisha: msimamizi aingie kama alivyokuwa akiingia mwaka aliorekodiwa, bila kusimama.

"Tuliendesha mara elfu," alisema. "Katika mara mia tisa na sitini na nne, wote watatu walitoka hai."

Sauti ilitoka kwa ndugu, haikuwa kilio bado.

"Na yeye?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

"Msimamizi alifariki katika karibu zote." Bwana Ntandu aligeuza ukurasa. "Ndugu Lukwele, simama tafadhali, kama unaweza."

Msafiri alisimama. Bandeji zilikuwa zimepungua, vidole viwili vya kushoto havikuwepo.

"Takwimu za mwaka mzima zinaonyesha kwamba wewe ulikuwa mtu wa kuingia. Huna hata rekodi moja ya kusita. Halafu kuanzia mwezi wa Septemba unabadilika. Wataalamu wangu wanasema mabadiliko kama haya yana sababu moja tunayoifahamu. Nakuuliza mbele ya watu hawa, na jibu lako litaandikwa. Kuna mtu yeyote aliyekuambia kilichoonekana kwenye Pacha?"

Leokadia alijua swali hilo lingekuja. Alikuwa amejiandaa. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amemwandikia dada yake barua, akimwomba amlelee watoto. Alijua Msafiri angesema kweli, hakuwahi kumjua akisema uongo, na kwa namna fulani alikuwa anaingoja kweli ile kama mgonjwa anavyongoja daktari aite jina lake.

Msafiri aliangalia watu. Aliwaangalia wa nyuma, wale mia tano, ambao kazi yao ingeisha siku hiyo. Kisha akamwangalia Leokadia, haraka, akaondoa macho.

"Hapana," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

"Basi kwa nini ulisimama?"

"Niliogopa."

"Kitu gani?"

"Kufa, mheshimiwa. Umri umekwenda. Niliogopa tu."

Bi Mwamvua aliinuka. Alitembea hadi aliposimama Msafiri, akasimama karibu naye sana, mfupi, akimtazama kutoka chini. Watu walidhani atampiga. Hakumpiga.

"Mwanangu alikuwa anakuita," alisema. "Waliokuwepo wameniambia. Alikuwa anakuita wewe."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa unasikia."

"Nilisikia."

Bi Mwamvua alitema mate chini, mbele ya viatu vya Msafiri, akageuka. Kutoka nyuma mtu mmoja alisema, "Mwoga." Mwingine akalirudia. Halikuwa kelele, lilipita tu kutoka mdomo huu kwenda mwingine, katika watu aliowafundisha kazi, watu aliowazibulia bomba lile kwa miaka ishirini na nane. Bi Zaituni, aliyekaa karibu na dirisha, alivuta ushungi wake mpaka ukamfunika uso. Msafiri alisimama wima, mikono yake iliyoungua ikining'inia, akapokea.

Leokadia alifungua mdomo. Mama Mmari alimshika kifundo cha mkono chini ya meza, akakiminya, si kwa nguvu. Angeweza kuutoa mkono. Neno lilikuwa tayari, moja tu, fupi, na baada yake kungekuwa na miaka saba, na lango la kiwanda lingefungwa kwa mnyororo, na watu hawa wote wangerudi nyumbani wakijua kwamba mtu yule alikuwa jasiri kuliko wote waliowahi kuwajua.

"Imeandikwa," alisema Bwana Ntandu. "Kuna mwenye la kuongeza?"

Alizungusha macho bwaloni. Yalimfikia Leokadia, yakakaa kwake kitambo, kwa adabu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita kwanza.

Leokadia alitazama meza.

"Basi tuendelee," alisema mwenyekiti, akageuza ukurasa.